Karanga kwenye Uji wa Mtoto: Historia ya Katazo Lililofutwa

Ushauri wa kuwanyima watoto wadogo karanga una historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Serikali ya Uingereza iliutoa mwaka 1998 na kuuondoa mwaka 2009. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliutoa mwaka 2000 na kuufuta mwaka 2008. Kabla ya hapo karanga ilikuwa chakula kama vyakula vingine. Na kuanzia mwaka 2015 madaktari walewale wakawa wanawahimiza wazazi wawape watoto karanga mapema, kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Mayai, samaki na maziwa ya ng'ombe vilipita njia hiyohiyo, ila karanga ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa ubishi. Sababu ni kwamba watoto wengi wenye mzio wa mayai au maziwa hupona wanapokua, ilhali kwa karanga hupona mmoja tu kati ya watano hivi, na mzio huo ni miongoni mwa ile ya chakula inayoongoza kwa kuua.

Mzio hutokea pale mfumo wa kinga unapoichukulia protini ya chakula kisicho na madhara kana kwamba ni adui aliyeingia mwilini. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini hiyo, nazo hukaa tayari juu ya seli fulani za kwenye ngozi, utumbo na njia ya hewa. Chakula hicho kikija tena, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine kwa dakika chache tu: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, mtoto hutapika, na katika hali mbaya koo hubana na shinikizo la damu huporomoka. Karanga, mayai, maziwa, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, ufuta, pamoja na korosho, lozi na jamii zake, ndivyo vinavyosababisha sehemu kubwa ya mizio ya chakula duniani.

Sayansi ya jambo hili ilianzia baharini. Mwaka 1901 mwanafiziolojia Charles Richet na mwenzake Paul Portier walisafiri kwenye meli ya Mwanamfalme Albert I wa Monaco, wakichunguza sumu ya kiumbe wa baharini anayewasha anayefanana na yavuyavu. Waliporudi Paris waliendelea na sumu ya anemoni wa baharini, wakiwadunga mbwa dozi ndogondogo kwa matumaini kwamba watazizoea, kama ilivyokuwa kwa chanjo. Mbwa mmoja aliyeitwa Neptune alipokea dozi ya kwanza bila shida. Wiki kadhaa baadaye alipewa nyingine, ndogo mno, akafa ndani ya nusu saa. Mwili haukuwa umezoea. Ulikuwa umejifunza kuchukia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1902, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel.

Ugunduzi huo uliacha wazo lililotawala vichwa vya madaktari kwa karne nzima: mwili ukikutana na kitu mara ya kwanza huandaliwa kwa hatari, basi usalama umo katika kutokutana nacho kabisa. Hata hivyo ushahidi wa kinyume ulikuwepo tangu mwanzo, nao haukufichwa. Mwaka 1908 daktari Mwingereza Alfred Schofield alieleza katika jarida la Lancet habari za mvulana wa miaka 13 aliyeugua kila alipogusa yai. Alimpa vidonge vyenye chembe ya yai isiyoonekana kwa macho, akaongeza kidogokidogo kwa miezi, hadi mvulana akala yai kama watu wengine. Mwaka 1911 Wamarekani Harry Gideon Wells na Thomas Osborne waligundua kwamba simbilisi waliokwisha kulishwa mahindi hawakupata mshtuko walipodungwa protini ya mahindi, tofauti na wenzao ambao hawakuwahi kuyala. Mwaka uliofuata Oscar Schloss wa New York alimchunguza mtoto mwenye mzio wa mayai, lozi na shayiri kwa kumkwaruza ngozi na kumpaka vyakula hivyo, kipimo ambacho kliniki hukitumia hadi leo, kisha naye akamzoesha mtoto huyo protini ya yai kwa dozi za kupanda. Kwa hiyo kufikia mwaka 1912 ilikuwa imeshaonekana kwamba njia ambayo protini inaingilia mwilini ina uzito wake: sindano huamsha uadui, kinywa huleta mazoea. Jambo hilo liliwekwa kando kwa karibu miaka 90.

Ulishaji wa watoto wachanga wenyewe ulikuwa ukiyumba huku na huko katika kipindi hicho. Katikati ya karne ya 20 Marekani ilishikwa na haraka ya ajabu. Mwaka 1953 daktari Walter Sackett wa Florida alichapisha utaratibu wake wa kumpa mtoto nafaka akiwa na siku chache tu tangu azaliwe, na mboga na mayai vilifuata muda mfupi baadaye. Haraka hiyo ikaleta upinzani, na ilistahili. Mwaka 1974 Uingereza ilishauri vyakula vigumu visianzishwe kabla ya miezi 4, na mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukaidhinisha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Sababu zake zilikuwa nzito: kuhara, maji machafu, na biashara ya maziwa ya kopo. Ila katika mkondo huohuo wa kuchelewesha, wazo jingine lilijipenyeza bila kuulizwa maswali mengi, kwamba kama kuchelewa miezi 6 ni vizuri, basi kwa vyakula vya mzio kuchelewa miaka 3 ni vizuri zaidi.

Karanga nayo ilikuwa imebadilika kabla ya kufika kwenye meza ya mtoto wa Marekani. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, ambako umelimwa kwa zaidi ya miaka 7,000. Wareno waliusambaza Afrika na Asia kuanzia karne ya 16. Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipata hataza ya kusaga karanga zilizokaangwa mwaka 1884, na John Harvey Kellogg akaomba yake mwaka 1895 kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kutafuna nyama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 siagi ya karanga ikawa chakula cha kila siku cha watoto wa shule wa Marekani. Kuikaanga kwa moto mkali na ukavu hubadili protini zake; utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kingamwili za wagonjwa hunata zaidi kwenye karanga zilizokaangwa hivyo kuliko zilizochemshwa au kukaangwa kwenye mafuta, namna zinavyoliwa sana Uchina. Tofauti hiyo haielezi kila kitu, lakini inafaa kukumbukwa kila nchi zinapolinganishwa.

Karanga ilikuwa na sifa mbaya ya pili, isiyohusiana na mzio. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia, aliyetumia maisha yake kutoa vitu vilivyokwama kwenye koo na mapafu ya watu, aliacha mkusanyo wa vitu zaidi ya 2,000 ambao bado unaonekana katika jumba la makumbusho la Mütter. Punje za karanga zilimsumbua sana, kwa kuwa zikiingia kwenye pafu la mtoto huvimba na kuleta uvimbe. Hofu hiyo ni ya kweli na haijapitwa na wakati: punje nzima hazifai kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kilichotokea baadaye ni kwamba hofu ya punje na hofu ya protini zilichanganywa kuwa hofu moja.

Kufikia miaka ya 1990 idadi ya wagonjwa ilianza kutisha. Kwenye Kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, watoto waliozaliwa mwaka 1989 walilinganishwa na waliozaliwa kati ya 1994 na 1996: wenye kuugua kwa karanga walipanda kutoka asilimia 0.5 hadi 1. Nchini Marekani uchunguzi uliofanywa kwa simu ulitoa asilimia 0.4 ya watoto mwaka 1997, 0.8 mwaka 2002 na 1.4 mwaka 2008. Magazeti yalijaa habari za vifo vya vijana waliokula kipande cha keki, na shule zikaanza kutenga meza.

Hapo ndipo katazo lilipoingia. Mwezi Juni 1998 kamati ya wataalamu wa sumu ya serikali ya Uingereza ilisema kwamba mama mwenye mzio, au ambaye mumewe au mtoto wake mwingine anao, anaweza kuepuka karanga akiwa mjamzito na anaponyonyesha, na mtoto wake asipewe hadi afike miaka 3. Mwaka 2000 Wamarekani walikwenda mbali zaidi kwa watoto wa familia zenye mzio: maziwa ya ng'ombe yasubiri mwaka 1, mayai miaka 2, karanga, korosho na jamii zake na samaki miaka 3. Maneno ya wataalamu yalikuwa ya tahadhari na yaliwalenga watoto wachache. Kliniki na majarida ya wazazi hayakuyachukua hivyo. Baada ya muda mfupi kila mama aliambiwa asubiri, na mwenye kumpa mtoto wa miezi 8 siagi ya karanga alionekana mzembe.

Kasoro kubwa ya ushauri ule ilikuwa kwamba haukutokana na jaribio lolote lililowagawa watoto, hawa wapewe karanga na hawa wanyimwe, kisha wafuatiliwe. Ulitokana na hoja iliyosikika vizuri, na wakati uleule mzio ukaendelea kupanda. Walioutoa walikuwa waangalifu kwa nia njema; lakini kumnyima mtoto chakula nako ni tiba, na kulistahili kupimwa kama tiba nyingine zinavyopimwa.

Aliyeanza kuuvuruga uhakika huo ni Gideon Lack, daktari wa mzio wa London. Alipokuwa akitoa mhadhara Tel Aviv aliwauliza madaktari wapatao 200 waliohudhuria ni wangapi wamemwona mtoto mwenye mzio wa karanga katika mwaka uliopita. London karibu wote wangenyoosha mkono; pale ilinyooka mikono miwili au mitatu. Watoto wa Israeli hupewa tangu wadogo vitafunio viitwavyo Bamba, bisi za mahindi zilizopulizwa na kuchanganywa na siagi ya karanga, laini kiasi cha kuyeyuka mdomoni mwa mtoto asiye na meno. Lack na wenzake waliwalinganisha maelfu ya watoto wa shule wa Kiyahudi wa London na wa Israeli, watu wa asili inayokaribiana. Matokeo yalitoka mwaka 2008: London walikuwa na mzio wa karanga asilimia 1.85, Israeli asilimia 0.17. Walipofika miezi 9, asilimia 69 ya watoto wa Israeli walikuwa wameshaionja karanga, dhidi ya asilimia 10 wa Uingereza.

Kama mtoto wa London hakuila karanga, mzio aliupata wapi? Jibu lilielekea kwenye ngozi. Mwaka 2003 Lack na wenzake, wakitumia kumbukumbu za karibu watoto 14,000 wa eneo la Bristol, waliona kwamba waliopata mzio walikuwa mara nyingi na ukurutu na walipakwa mafuta ya ngozi yenye mafuta ya karanga. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee walionyesha kwamba watu wengi wenye ukurutu wana hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha ngozi. Picha ikaanza kukamilika: katika nyumba ambamo wakubwa wanakula siagi ya karanga, chembe zake zimo kwenye vumbi, mikononi na kwenye mashuka, nazo hupenya ngozi iliyopasuka ya mtoto ambaye tumbo lake halijawahi kuijua karanga. Ni simbilisi wa mwaka 1911 tena, safari hii bila sindano.

Jaribio lenyewe la kuthibitisha wazo hilo liliitwa LEAP. Watoto 640 wa kati ya miezi 4 na 11, wote wakiwa na ukurutu mkali au mzio wa yai, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walikula angalau gramu 6 za protini ya karanga kwa wiki, katika milo 3 au zaidi, kwa Bamba, au kwa siagi laini kwa waliokataa Bamba. Nusu hawakugusa karanga hadi miaka 5. Waliokuwa wameshaonyesha dalili kali kwenye kipimo cha ngozi hawakuandikishwa. Mwezi Februari 2015 matokeo yalichapishwa. Kati ya watoto ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha kitu mwanzoni, asilimia 13.7 ya walionyimwa walikuwa na mzio walipofika miaka 5, dhidi ya asilimia 1.9 ya waliolishwa. Hata kwa walioanza na dalili ndogo tofauti ilibaki: asilimia 35.3 dhidi ya 10.6. Ni nadra katika tiba ya watoto kuona chakula cha kawaida kikifanya kazi kwa kiwango hicho. Watoto walewale walipochunguzwa tena wakiwa na umri wa miaka 13 hivi, katika ripoti ya mwaka 2024, kinga ilikuwa bado ipo, ingawa kwa miaka mingi kila mmoja alikuwa amekula karanga kwa kadiri apendavyo.

Vyakula vingine vilitoa majibu yenye utata zaidi. Jaribio la EAT la London, lililotoa ripoti mwaka 2016, liliandikisha watoto 1,303 wanaonyonya, na nusu yao wakapewa vyakula 6 tangu miezi 3: maziwa, karanga, yai, ufuta, samaki na ngano. Kwa hesabu ya jumla tofauti haikuthibitika. Walioufuata utaratibu sawasawa walinufaika, hasa kwa karanga na yai, lakini hao walikuwa chini ya nusu, jambo lisilomshangaza yeyote aliyewahi kumlisha mtoto vyakula 6 kila wiki. Nchini Japani, jaribio la PETIT la mwaka 2017 lilitumia unga wa yai lililopikwa kwa watoto wenye ukurutu, kwa dozi ndogo, huku ngozi yao ikitibiwa. Mzio wa yai ulishuka hadi asilimia 8, dhidi ya 38 kwa wasiopewa, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Majaribio mengine yaliyotumia unga wa yai bichi yalileta watoto waliougua papo hapo. Yai la mtoto liive.

Miongozo ilifuata: Australia mwaka 2016, Marekani Januari 2017. Wamarekani walielekeza mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa yai apimwe, kisha aanzishiwe karanga kati ya miezi 4 na 6. Mwenye ukurutu wa wastani aanze karibu na miezi 6. Asiye na tatizo ale pamoja na familia yake. Mavuno hayakuwa sawa kila mahali. Melbourne mzio wa karanga ulishuka kutoka asilimia 3.1 hadi 2.6 tu. Nchini Marekani uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, ulioangalia kumbukumbu za kliniki za watoto wa chini ya miaka 3, ulikuta utambuzi wa mzio wa karanga umepungua kwa zaidi ya robo baada ya ushauri wa 2015, na kwa zaidi ya asilimia 40 baada ya ule wa 2017.

Barani Afrika katazo hilo halikuwahi kushika mizizi, na katika miaka ileile historia ilikuwa inakwenda kinyume chake. Mwaka 1996 daktari André Briend na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset walitengeneza Plumpy'Nut, siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali. Malawi ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuijaribu majumbani, na mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliikubali rasmi njia hiyo ya kutibia watoto nyumbani. Kwa hiyo wakati mama wa London anaambiwa aifungie karanga kabatini, mtoto wa Malawi mwenye miezi 7 alikuwa anaandikiwa pakiti za karanga kama dawa.

Hiyo haina maana kwamba Mwafrika hapati mzio. Cape Town, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mzio wa chakula kwa asilimia 2.5 ya watoto wa mwaka 1 hadi 3, dhidi ya asilimia 0.5 katika vijiji vya Eastern Cape. Mjini ndiko unakoota. Nchini Ghana wanafunzi wengi walikutwa na IgE ya karanga kwenye damu bila kuugua wanapoila, na sehemu kubwa ya hali hiyo ilihusishwa na kichocho, ambacho huufanya mwili utengeneze kingamwili zinazofanana. Kipimo cha damu peke yake, basi, kinaweza kumnyima mtoto chakula bure.

Katika jikoni za Afrika Mashariki karanga imo kwenye mchicha, kwenye kisamvu, na kwenye unga wa uji wa lishe. Kwa mtoto hukaangwa kidogo, hupepetwa maganda, husagwa au kutwangwa hadi zilegee na kutoa mafuta, kisha hukorogewa kwenye uji unaokaribia kuiva ili usibaki na chenga. Kazi inayookoa zaidi ni ile ya mwanzo, ya kuchambua. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini na ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Ndiyo maana kununua unga uliokwisha changanywa bila kujua karanga zilitunzwa vipi ni kujitia hatarini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka vyakula vya nyongeza vianze mtoto akitimiza miezi 6, mayai, samaki au nyama viliwe kila siku, na kunde, karanga na mbegu ziliwe mara kwa mara, hasa pale nyama na mayai ni adimu.

Karanga ya kwanza hutolewa mchana, mtoto akiwa mzima wa afya, ikiwa laini na nyepesi, kiasi cha ncha ya kijiko, kisha mtoto huangaliwa dakika kama 10 kabla ya kuongezwa. Ikikubali, iendelee kila wiki, kwa kuwa kuonja mara moja na kuacha hakujengi mazoea. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kuvimba baada ya kula yai, aonwe kwanza na daktari. Na mtoto anayevimba midomo, anayetapika mfululizo au kupumua kwa shida baada ya kula apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu dawa ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini, na maziwa au mafuta ya kunyweshwa nyumbani hayasaidii.